Mkono Ambao Nge Hakuugusa

Nge alikuwa chini ya vichwa vya alizeti tulivyoanika uani, pale kijijini Ihanja. Binti yangu wa miaka saba aliingiza mkono kuvigeuza, akapiga yowe. Mama mkwe wangu hakuuliza mara mbili. Alichana pindo la kanga akamfunga mkono juu ya kiwiko, kama wanavyofanya kwao miaka yote, ili sumu isipande.

Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Jasho lilimtoka huku ngozi ikiwa baridi. Vidole vilipauka. Mimi ulimi wangu hauna breki.

“Mama, unamkatia mtoto damu,” nikasema, na bila kungoja ruhusa nikaifungua ile kanga.

“Haya. Sumu ikifika moyoni utajibu wewe.”

Nilisugua mkono ule nikingoja upate joto. Haukupata. Nikashika wa pili, ambao nge hakuugusa wala kanga haikuufunga. Nao ulikuwa baridi. Miguu pia. Niliamini nimemuua mwanangu kwa ubishi wangu.

Tulipakizana kwenye bodaboda, mtoto katikati. Njia nzima nilikuwa na hasira na mama mkwe hata katika ile hofu.

Kwenye kituo cha afya, tabibu alimpima presha, akapima tena. Ilikuwa juu mno kwa mtoto. Nikamuuliza kama ni kwa sababu nilifungua ile kanga.

“Hapana, mama. Kufunga hakusaidii, na kufungua hakujaleta hili. Sumu ya nge inachokoza mishipa ya fahamu, nayo inamwaga kemikali, ile ile mwili unayomwaga mtu akishtuka sana. Ikifika kwenye mishipa ya damu inaiamuru ijikaze. Ya huyu imejikaza mwili mzima, ndiyo maana ana baridi kila mahali. Moyo unasukuma damu kwenye njia iliyobanwa. Tusipoilegeza, moyo utachoka.”

Alimpa kidonge cha kuizuia mishipa isiipokee amri ile, akaonya asiinuliwe kitandani, maana presha ingeweza kushuka ghafla. Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya alizeti. Nilitamani kumwambia aongeze, nikaogopa hata kufungua mdomo. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa kitanda akisali kwa Kinyaturu, sauti ikikatikakatika. Kila mtoto alipovuta pumzi nilisubiri inayofuata.

Jua lilikuwa limeinama kucha za mtoto zilipoanza kurudisha wekundu. Vidole vikafuata, taratibu, hadi kiganja kikawa cha uvuguvugu. Alifungua macho, akanishika mkono.

“Mama, mbona una baridi? Na wewe nge amekuuma?”

Mama mkwe alinyoosha mikono juu ya kitanda, akaichukua yangu, akaanza kuisugua. Na yake ilikuwa baridi vilevile.