Mwenyekiti wa Michango ya Ida

Shemeji yake Vaileth, kaka wa mumewe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya michango ya kumpeleka Ida, mtoto wa Vaileth, India akapandikizwe figo. Kila gulio la Kimamba alipanda juu ya kreti la soda, spika mkononi, akijifuta shingo taratibu asije akachafua kola. Akitaja jina la mtoto, sauti ilimtetemeka. Akitaja la kwake, ilinyooka. Picha zikipigwa, kiganja chake kilitua kichwani kwa Ida na macho yakatua kwenye kamera. "Jitoeni, ndugu zangu! Mtoto ni wetu sote!"

Michango ikatimia. Daktari akawaita ndugu, akawaeleza kwamba figo hainunuliwi, inatolewa na ndugu, na damu za wazazi hazioani na ya mtoto. Vaileth akamgeukia shemeji yake. Bwana yule akashusha mkono wa shati aliokuwa ameukunja, akafunga kifungo.

"Shemeji, mimi kazi yangu ni kuhamasisha."

Akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imeita. Agnesi, mdogo wake Vaileth, kibarua wa mashamba ya miwa kule Ruaha, alikuwa ameshavua sweta.

"Dada, wanapimia chumba gani?"