Neno moja la Kijerumani lililonijulisha msiba kabla ya mama

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sijaongeza chumvi. Kuna mengine nimeyaacha maana bado yanauma.

Nilikuwa natunza bustani kwa mama mmoja wa Kijerumani, mkulima wa kahawa. Mpweke yule, akanifundisha lugha yake ili apate wa kuongea naye.

Kilichonishangaza ni kwamba kwao mwalimu wa kiume ni Lehrer, wa kike ni Lehrerin. Hiyo -in ya mwisho ndiyo inakuambia ni mwanamke.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata Kiingereza kilikuwa nayo zamani, imebaki kwenye vixen, yaani mbweha jike. Ile -ess ya waitress tuliyoizoea mahotelini asili yake ni Kigiriki, ikapita Kilatini, ikapita Kifaransa. Lakini sikuja kufundisha suffix hapa. Tuendelee.

Dada yangu Yustina alikuwa anafundisha shule ya msingi Endabash. Alikuwa na mwenzake, Sulle. Pale kijijini ukisema "Mwalimu" ni Sulle. Dada walimwita Madam.

Siku moja yeye na Sulle walipanda lori la mahindi kuja Karatu. Likapinduka korongoni.

Tukakimbilia hospitali ya misheni: mimi, mama, na mke wa Sulle. Tukakaa kwenye benchi nje ya wodi, mlango uko wazi. Nikamsikia daktari Mjerumani akimwambia nesi, Mjerumani mwenzake: "Die Lehrerin ist tot."

Yaani, mwalimu wa kike amefariki.

Nesi akatoka. Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mwalimu amekufa. Pole sana." Akarudi ndani haraka, majeruhi walikuwa wengi.

Mke wa Sulle akaanguka akilia. Mama akashuka sakafuni akamkumbatia. "Lia mwanangu. Tuko pamoja." Usoni alikuwa na nafuu, anajitahidi kuificha.

Nikapiga magoti.

"Mama, siyo Sulle."

"Umejuaje?"

"Daktari amesema mwalimu wa kike. Kwao neno lake lina kipande mwishoni."

"Nesi amesema mwalimu. Nimemsikia."

"Mama, ni Yustina."

Akanitazama. Kisha akasema taratibu, "Kipande gani hicho cha kunichukulia mtoto?"

Mke wa Sulle akaacha kulia. Bado alikuwa mikononi mwa mama, hajui afurahi au ajitoe. Mwishowe yeye ndiye aliyemshika mama.

Niliingia ndani nikauliza upya, kwa Kijerumani. Ilikuwa kweli. Sulle alivunjika mguu tu, akapona.

Dada tulimzika nyumbani Qurus. Kazi ya bustani niliacha. Mama hakuwahi kunilaumu, ila Kijerumani sikukiongea tena mbele yake.

Nilichojifunza: ukipeleka habari ya msiba, taja jina la marehemu. Cheo hakitoshi. Manesi, polisi na madereva mliomo humu, tafadhalini.

Kama nawe ulipewa habari ya kifo nusunusu, andika hapa chini ulifanyaje. Nitasoma zote. Mimi hadi leo sijapata namna nyingine ambayo ningemwambia mama.