Risasi ya Saba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa bunduki, na kwa ubishi hakuwa na mshindani ila mume wa dada yake, yaani baba yangu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye jiliwa la kubania vyuma, harufu ya mafuta na dirisha lisilofunguka. Humo alifanya kazi ambayo mafundi wengine waliikimbia: kuoanisha risasi kuukuu za jeshi na bunduki za kuwindia zenye mitutu miwili.

Bunduki hizo zina kiburi. Mitutu imeelekezwa ipige mahali pamoja, lakini kwa risasi ya nguvu moja tu. Ukibadili risasi, mmoja huenda huku na mwingine kule, kama mume na mke waliogombana. Mjomba alipunguza baruti, akafyatua, akaongeza, akafyatua tena. Tulimwita Polepole.

Baba alipata kibali cha kuwinda nyati, na madukani risasi hakuna. Akaleta sanduku la risasi za vita vilivyopiganwa babu yangu akiwa hajaoa. Sikulipenda sanduku lile. Shaba ya risasi zake ilikuwa imeota ukijani.

"Shemeji, nioanishie hizi. Kesho kutwa naondoka."

"Kesho kutwa! Wewe unataka fundi au mganga?"

Akakubali hata hivyo. Kesho yake uwanjani, matundu ambayo mitutu yote miwili iliyatoboa kwenye shabaha yalitosha kufunikwa kwa kiganja. Kisha akaweka risasi ya saba. Akavuta. Kimya. Halafu ndipo ikalipuka. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia. Sanduku lile lilistahili kutupwa palepale, lakini yeye aliyatazama matundu yake mazuri, na moyo ukamshinda.

"Shemeji," alimwambia baba jioni, "ukivuta ukasikia kimya, usiifungue bunduki. Hesabu mpaka thelathini."

"Na nyati naye atahesabu?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kinanikera hadi leo.

Waliomrudisha baba walisema nyati aliyejeruhiwa alimjia mbio. Mtutu wa pili ukanyamaza. Baba akaifungua bunduki aweke risasi nyingine, na ile iliyochelewa ikamlipukia usoni.

Baada ya mazishi, mama alimkalisha kaka yake sebuleni.

"Kaka, ulijua?"

Mjomba, mtu wa ubishi, hakubisha. "Nilijua tangu uwanjani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Mama hakuniuliza mimi.