Maneno Yaliyochelewa Kumfikia Baba

Baba alipoacha kusikia kabisa, kitu cha kwanza kilichobadilika nyumbani kwangu Kisian kilikuwa lugha. Tangu nizaliwe nilikuwa nimezungumza naye Kijaluo. Lakini simu niliyompa, ambayo ilisikiliza watu na kumwandikia kwenye skrini walichosema, haikujua Kijaluo. Ilijua Kiswahili, na hicho nacho ilikijua kwa sababu nilikuwa nimeiwekea mfumo mpya uliokuwa bado kwenye majaribio, haujatolewa kwa watu wote. Basi nikaanza kumsemesha Kiswahili mzee ambaye maisha yake yote alikitumia sokoni na kwenye ofisi za serikali tu. Ndugu yangu alipokuja kumwona mara ya kwanza baada ya hapo, alisahau, akamwinamia na kumwambia, "Mos, Baba," yaani pole. Simu ikaandika "Mosi Baba." Baba akasoma, akamtazama mwanawe.

"Na pili ni nini?" akauliza.

Alikuwa mkulima wa mpunga kule Ahero, na kwa miaka mingi aliongoza kwaya ya kanisa lao. Masikio yalimwacha kidogo kidogo. Kwanza aliacha kusikia sauti za juu, kisha mazungumzo ya mezani, mwisho hata muungurumo wa trekta shambani. Vile vifaa vya kuvaa masikioni tulivijaribu. Alivivua na kuvirudisha kwenye kiboksi chake. "Vinanipa kelele," alisema. "Havinipi maneno." Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nikamhamishia kwangu.

Wiki za mwanzo simu ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Ukisema, maneno yanatokea, naye anajibu. Kisha apdeti moja ya kuboresha mfumo ikaja, nikaikubali, na mambo yakaharibika. Simu ikawa nzito. Ilipata moto mkononi hadi Baba akaanza kuishika kwa leso. Maneno yalikwama, skrini ikabaki nyeupe, halafu yakamwagika yote kwa pamoja wakati msemaji ameshanyamaza na kuinuka kwenda zake.

Niliingia kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu wanaojaribu mfumo ule walikuwa wakibishana kuhusu jambo hilo hilo. Mmoja alisema kosa ni letu, tunatumia simu za zamani. Mwingine akasema yake ni mpya kabisa nayo inajikokota vilevile. Wengine walishauri ufute kila kitu uanze upya, au usubiri wiki ipite mfumo utulie wenyewe. Nilipoeleza hali ya Baba, mtu mmoja alinijibu kwamba haya ni majaribio, kwani nilitarajia nini?

Ndugu yangu alikuwa na jibu kama la yule mtu, ila la kwake lilikuwa na uchungu ndani yake. Yeye hufundisha kompyuta katika shule moja mjini Kisumu, na anajua mambo haya kunizidi. Jumapili moja mchana, baada ya kula, alisukuma sahani kando.

"Rudisha mfumo wa zamani," alisema. "Hii simu inamchosha."

"Wa zamani hauna Kiswahili. Atabaki bila kitu."

"Atabaki na kalamu na karatasi. Tutamwandikia."

"Nani atamwandikia? Wewe unakuja mara moja kwa mwezi."

"Na wewe umemfanya baba yetu kifaa cha majaribio," alisema.

Baba alikuwa ameketi katikati yetu, simu imelala mezani mbele yake. Tulikuwa tumeshahamia kubishana kuhusu betri, kama ndiyo inayoleta ule moto, aliposema kwa sauti kubwa, "Hapana. Sitaki."

Tukageuka. Hakuna aliyejua alikuwa akijibu swali gani. Hakutaka mfumo wa zamani? Hakutaka karatasi? Au hakutaka tubishane? Nilipomuuliza, alitazama skrini akisubiri swali langu lifike, na lilipofika alikuwa amechoka. Aliifunika simu kwa ile leso, akatoka nje kukaa barazani.

Mwezi uliofuata dada yake Baba akafa. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki katika wale waliozaliwa pamoja naye.

Tulimzika Ahero. Mvua zilikuwa zimenyesha sana katika tambarare ya Kano, na miguu ya viti vya plastiki ilikuwa ikizama katika ule udongo mweusi. Waombolezaji walizungumza Kijaluo, kama ilivyostahili. Nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria Baba, lakini ndugu yangu alinitangulia. Alivuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana, akachukua simu akaileta karibu na midomo, na kila kilichosemwa kwa kipaza sauti akakirudia kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya chini. Kisha aliigeuza skrini kwa Baba na kusubiri. Maneno yalipokawia, alikiinamia kile kioo kana kwamba angeweza kuyavuta kwa macho. Ubishi wetu wa mezani hakuugusa.

Binti wa marehemu alisimama wa mwisho. Alieleza jinsi mama yake alivyougua, nani alimuuguza, nani alileta nini. Halafu akasema mama yake alikuwa akimsimulia kwamba sauti ya kwanza, ile aliyoiimba kanisani mpaka uzeeni, alifundishwa na kaka yake kando ya mfereji, wakiwa watoto, walipotumwa kufukuza ndege kwenye mpunga. Waliimba ili ndege waogope. Ndugu yangu aliyarudia hayo yote, na kuna mahali sauti yake ilikatika, akalazimika kuanza upya.

Skrini ilibaki nyeupe.

Mchungaji alishika kipaza sauti, akaomba watu wasimame kwa maombi. Watu wote wakasimama na kufumba macho, isipokuwa Baba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, macho wazi. Niliyaona maneno yakitokea, mfereji, ndege, mpunga, kaka yake. Baba alisoma kidole kikiwa juu ya kioo. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, kubwa, katikati ya maombi. Mama mmoja aliyekuwa akipanga wageni alikuja upesi, akamshika bega ili amwinue.

Ndugu yangu aliuondoa mkono wake kwa adabu. "Mwache, Mama," alimwambia. "Bado anasoma."

Tulipokuwa tukirudi Kisian ndugu yangu ndiye aliyeendesha gari, Baba akiwa kando yake nami nyuma. Karibu na daraja alisema, bila kunitazama kwenye kioo, "Simu bado ni nzito mno."

Baada ya kitambo Baba akaitika. "Ndiyo, ni nzito. Hao watu walioitengeneza, wanaweza kuandikiwa?"

Nilinyoosha mkono mbele yake, nikamwinulia kidole gumba.

"Basi waandikie. Sema mimi ni mzee. Sema leo nimemzika dada yangu, na niliyoambiwa juu yake yalinifikia wakati watu wameshafumba macho. Lakini yalinifika. Sema sitaki waiondoe. Nataka waiharakishe."

Niliandika hivyo hivyo. Nikaambatisha na yale mambo ya kifundi ambayo ndugu yangu alinitajia akiendesha, aina ya simu, ule moto, apdeti iliyoanza kuleta shida. Jibu lilikuja papo hapo, la mashine, likisema ujumbe wetu umepokelewa. Hakuna mtu aliyetuandikia baada ya hapo.

Hata hivyo apdeti nyingine ilikuja, na nyingine tena. Sijui kama ni sisi au ni wale wengine wote waliokuwa wakilalamika. Ile ya pili ndugu yangu aliiweka mwenyewe, akajaribu simu nje juani kabla ya kumrudishia Baba. Maneno yalianza kwenda sawa na midomo. Si kila mara. Kukiwa na joto kali bado hujikokota.

Juzi ndugu yangu alikuwa kwangu, nasi tukaanza kuvutana jikoni, kwa Kiswahili tulichokwisha kukizoea, kwa sauti za chini, kuhusu nani atampeleka Baba Ahero kuangalia kaburi linavyojengewa. Mimi nilikuwa na kazi, naye alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Hatukugundua kwamba Baba amesimama mlangoni, simu mkononi, akisoma.

"Nitapanda basi," alisema.

Alisema kabla sijamaliza sentensi yangu. Naye, baada ya kututazama mmoja mmoja, akaenda kutafuta viatu vyake.