Waya wa 2.5 ulivyotaka kuniumbua ukweni Nyamisati

Wakuu, heshima zenu.

Nina furaha mpaka nakosea kutype. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu, chumvi sijaongeza.

Mimi ni seremala wa Mchukwi, nimeoa Nyamisati. Mama mkwe ananunua kamba wabichi kwa wavuvi. Majuzi alijenga banda la freezer pale boti zinaposhusha, ili kamba wakitoka tu majini waingie kwenye baridi.

Nyumba yenye mita ya umeme ipo juu, maji makubwa ya bamvua yasikofika. Mpaka bandani ni mita themanini.

Akauliza nani atampelekea umeme. Mdomo ukaniponza, nikasema hiyo kazi ndogo, naimaliza mwenyewe. Mliooa mnanielewa, mbele ya mama mkwe mtu hukubali hata asichokiweza.

Nikavuta waya wa 2.5, ule wa soketi za vyumbani. Nikajaribu freezer moja, tena tupu. Ikawaka fresh, nikapikiwa na ubwabwa wa nazi.

Bamvua ikaja, kamba wakawa wa kumwaga. Mama akawasha freezer zote tatu kwa mpigo.

Taa ikafifia. Freezer zikaguna, zikanyamaza, zikaguna tena. Nikagusa waya, wa moto! Na mtaji wote wa mama umo mle ndani.

Nikazima main switch, kamba tukawahamishia kwenye maboksi ya barafu ya jirani. Nikampigia Bi Zuhura, fundi umeme wa Kibiti.

Akaja na kipimo chake. Nyumbani volti 228, bandani freezer zikianza, 170. Akanieleza kuwa nilihesabu freezer moja, nikasahau nyingine mbili, nikasahau umbali, na nikasahau kwamba freezer ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake.

Akaweka kebo nene ya 10, tukaifukia. Bandani akafunga DB yake ndogo, yaani boksi la breka, kila freezer na breka yake, na earth rod ikachimbiwa pale pale, ili umeme ukivuja uende ardhini usimpige mtu.

Wakuu, zilipowashwa zote tatu taa haikutikisika hata kidogo! Nilirukaruka mbele za wakwe bila haya.

Basi pima umbali, jumlisha mzigo wote, ndipo uende dukani kununua waya. Na umeme mwachie mwenye fani.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama ukweli. Nilikaa mkekani, macho chini, nikakiri kwamba umeme siujui na niliona aibu kusema. Nilijua atasikitikia kamba wake.

Akasema: "Kamba wakioza, mkwe wangu, bahari itatoa wengine. Mwanangu anaingia humo bandani kila siku miguu imelowa. Ningempata wapi mwingine?"

Mwanawe huyo ndiye mke wangu.

Karibuni wakuu. Wenye mabanda mbali na mita mmetumia waya gani? Na mafundi, pale nilipokosea kueleza nirekebisheni, sitanuna.