Boksi la Kilo Ishirini na Tatu

Mafia huwezi kusafiri kimyakimya. Niliomba boksi la baiskeli kwenye duka moja pale Kilindoni, na kabla sijafika nyumbani Ndagoni, mtaa ulishajua nakwenda Ngazidja, kule Komoro. Kila mwenye ndugu huko akaanza kufunga mzigo.

Nilikuwa nimechoka hata kabla ya safari. Miaka yote ya ualimu nimepiga pedeli kwenda shuleni na kurudi, nikiota likizo moja tu ya kuzunguka nchi ya watu juu ya baiskeli yangu mwenyewe. Watu wa ndege walikubali kuibeba, ila boksi lisizidi kilo ishirini na tatu. Nikaanza kuifungua. Pedeli ya kushoto ilinitoa jasho siku mbili nzima, maana nilisahau kuwa inafunguka kinyume, nikawa naikaza tu. Nikang'oa keria, stendi, hata kengele. Mizani ya dukani ikasoma ishirini na tatu kamili.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kukataa. Nilikataa pweza mkavu, nazi, kanga za harusi. Nilieleza habari ya mizani mpaka nikajichukia, na watu wakaanza kunisalimia kwa mkato.

Wa mwisho alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima. Binti yake aliolewa Moroni na hajarudi hata mara moja. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka chini mkeka wa milala aliousuka mwenyewe.

"Mwepesi huu, mwanangu."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wenzake. Hakubishana. Aliukunja upya, ingawa ulikuwa umekunjwa vizuri, akaondoka nao.

Nikapanda boti hadi Nyamisati, basi hadi Dar es Salaam, kisha ndege. Nilifika mgongo unauma, lakini boksi lilikuwa zima. Yule binti alikuja kunipokea uwanjani, kwani mama yake alishampigia simu zamani kuwa naja. Alinisaidia kutoa fremu, magurudumu, na kile kimfuko cha nati. Kisha akaliinamisha boksi tupu na kupitisha mkono ndani, mpaka kwenye pembe.

"Mama hakukupa kitu?"

Nilitamani kudanganya. 

"Alinipa mkeka," nikasema. "Niliukataa."

Aliitazama baiskeli kwa muda. Halafu akachuchumaa, akanishikia fremu ili nifunge gurudumu.