Bomba la Maji Baridi

Kuna siku moja, mwanangu, inanijia kila nikikusikia ukilalamika. Jana ulinipigia kutoka Abu Hamour, huko Doha, ukasema mzee unayemtunza ni mbishi, hataki kulishwa, anang'ang'ania kijiko na mkono wenyewe unatetemeka, uji wote unaishia kifuani. Nilicheka, unisamehe. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka Machakos na cheti changu cha kutunza wagonjwa, nikimhudumia mjane mmoja hapa Al Rayyan, hapa hapa Qatar. Tulimwita Mama Nura. Magoti yalikuwa yamemkatalia kabisa, akawa anaswali ameketi kitini, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: asujudu tena, paji la uso liguse chini. Mwanawe akasikia kuna mji wa zamani huko Japani wenye chemchemi za maji moto, watu wamekuwa wakienda kuoga huko tangu enzi za mababu zao. Akatukatia tiketi, mimi, mama na kiti chake cha magurudumu.

Mji wenyewe ulinishangaza. Nyumba za mbao za ghorofa, mvuke unafuka hadi mitaroni, harufu ya mayai viza kila kona, na watu wazima wanapita barabarani na kanzu za kuogea wala hawana habari. Sisi tulikodi bafu la faragha katika nyumba ya wageni tuliyofikia, maana Mama Nura asingevua nguo mbele za watu. Nikatia mkono majini. Mama wee! Sikuuliza mtu. Nikafungulia bomba la maji baridi mpaka mwisho.

Bibi mwenye nyumba ile ya wageni alikuwa analeta taulo. Kuona vile, akalifunga bomba, akanitikisia kichwa. Kisha akachota maji kwa ndoo ndogo ya mbao, akajimwagia miguuni, akanionyesha kwa mikono: kwanza nyayo, halafu magoti, halafu mabega, mwili uzoee. Mimi wa kufundishwa, na cheti ninacho? Nikageuza kiti.

"Mama, yalla, turudi chumbani. Haya maji yatakuunguza."

Mama Nura akashika gurudumu, kiti kikakwama. Akaniambia kwa Kiarabu chake, polepole ili nielewe:

"Mwende, tangu Doha unanivalisha, unanilisha, hata uwanja wa ndege nilipoulizwa jina langu ulijibu wewe. Lini uliniuliza mimi? Anayeoga ni mimi. Hofu ni yako."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nikampa ndoo.

Alijimwagia mwenyewe, taratibu, akiguna na kumtaja Mungu. Akaingia kwa kunishika bega, bila kubebwa. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye alikuwa ameshavua. Mimi ndiye niliyetaka kumvisha tena.

Tulikaa siku sita. Sitakudanganya kwamba maji yalifanya muujiza. Magoti yalilainika kidogo tu, na hicho kidogo alikipigania kila asubuhi. Siku ya tano aliniambia nisogeze kiti pembeni. Akashuka kwenye mkeka uliotandikwa chumbani, goti moja, kisha la pili, akainama mpaka paji likagusa. Akakaa hapo muda mrefu, mgongo unatikisika. Miguu yangu ilitaka kukimbia kumwinua. Sikwenda. Aliinuka mwenyewe, uso umelowa machozi, nami nikalia kwa furaha.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Kumtunza mtu si kumwondolea kila kilicho kigumu. Muulize kwanza, kisha usubiri jibu, hata likichelewa. Haraka haraka haina baraka, tunaisema kila siku na bado tunakimbia, mimi nikiwa wa kwanza. Mzee wako usimwite mbishi; anakilinda kile kidogo alichobakiwa nacho. Kesho asubuhi mfunge kitambaa kifuani, mpe kijiko, ukae karibu naye. Uji ukimwagika, nguo zitafuliwa.

Mungu aibariki mikono yako, aipe nguvu na subira. Na siku yako ya kuzeeka ikifika, akupe mtu atakayekuuliza kwanza.